Mwanahistoria wa siasa na vyombo vya habari vya Marekani anafanya nini kutwa nzima?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya kwanza ya historia na sasa najitolea kufundisha sekondari hapa Tanga. Babu yangu mzaa mama alikuwa hakosi Sauti ya Amerika jioni, na mimi nimekua nikifuatilia chaguzi za Marekani kuliko mpira. Juzi nilimsikia mtu akitambulishwa kwenye mahojiano kuwa ni mwanahistoria wa siasa na vyombo vya habari vya Marekani. Hiyo ni kazi kweli? Anafanya nini ambacho mwandishi wa habari hafanyi? Na mtu kama mimi, asiye Mmarekani, anaweza kuingia? Wazazi wanataka nisome uhasibu."

Marahaba, mwanangu. Wazazi wako hawajakosea sana, na nitawarudia. Ngoja kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana hata jamaa zangu wa Korogwe hawajaielewa miaka yote hii. Wanachojua ni kwamba nipo Marekani nasoma magazeti ya zamani na kulipwa mshahara. Hawako mbali na ukweli.

Mwandishi wa habari anakuambia mgombea kasema nini. Mtaalamu wa siasa anakupimia kauli ile ilileta kura au ilifukuza. Sisi ni wambea zaidi. Tunataka kujua maneno yale yalimfikiaje mtu aliyeyasikia: yalipita kwenye chombo gani, chombo kile kilikuwa cha nani, sheria gani ilikiruhusu kuyatangaza, nani alilipia. (Kuhusu "cha nani": mwaka 1943 mke wa mbunge mmoja wa Texas alinunua kituo kidogo cha redio mjini Austin, KTBC, na kituo hicho ndicho kikawa msingi wa utajiri wa familia. Mbunge huyo aliitwa Lyndon Johnson, na baadaye akawa Rais. Kibali cha kumiliki kituo hutolewa na tume ya serikali. Hapo mtu wa kazi yetu hapati usingizi.) Kisha tunauliza swali linalokula muda kuliko yote: leo hii tunajuaje kwamba ilikuwa hivyo?

Chukua mdahalo wa Kennedy na Nixon. Bila shaka umeufundisha, au utaufundisha. Ni tarehe 26 Septemba 1960, studio ya shirika la televisheni la CBS mjini Chicago, mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa vyama vikuu viwili kurushwa na televisheni, na watazamaji wanakisiwa kufika milioni 70. Nixon alikuwa ametoka hospitali mwanzoni mwa mwezi huo kwa ajili ya goti lililoingia vijidudu, amekonda, kavaa suti ya kijivu iliyozama kwenye ukuta wa nyuma. Kennedy yuko fiti, kapigwa na jua. Halafu inakuja hadithi tamu: waliotazama walisema Kennedy kashinda, waliosikiliza redioni wakasema Nixon kashinda. Yaani picha ilishinda hoja. Mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi hadithi hiyo miaka miwili ya mwanzo bila aibu.

Ukiifuata hadi kwenye shina lake unakuta imesimama karibu yote juu ya utafiti mmoja wa kampuni ya kura za maoni iliyoitwa Sindlinger. Waliohojiwa walikuwa zaidi ya 2,100, lakini waliosikiliza kwa redio walikuwa 282 tu. Mwaka 1987 watafiti wawili, David Vancil na Sue Pendell, waliuliza swali ambalo mama yeyote angemuuliza muuza samaki: hawa wametoka wapi? Mwaka 1960 karibu nyumba tisa katika kila kumi za Marekani zilikuwa na televisheni. Asiyekuwa nayo yaelekea aliishi mashambani, na huko mashambani Nixon alikuwa na watu wake hata kabla mdahalo haujaanza. Kwa hiyo wale 282 wanaweza kuwa walimpenda Nixon siku zote, redio haikuhusika.

Usikimbilie kusema basi picha haina nguvu. Mwaka 2003 James Druckman aliwakusanya vijana wasioufahamu mdahalo ule, akawapa wengine picha na sauti, wengine sauti peke yake. Waliotazama picha walielekea zaidi kumpa Kennedy ushindi. Kwa hiyo hadithi inaweza kuwa na chembe ya kweli, ila ushahidi uliotumika miaka yote kuishikilia ulikuwa fito mbovu. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Inachosha, na kwenye karamu hakuna anayetaka kuisikia.

Kwangu mimi utamu wa mdahalo ule uko mahali pengine kabisa, pahala pasipokuwa na poda wala suti: kwenye kifungu cha 315 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934. Kifungu hicho kilisema kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, kiwape na wagombea wengine wote wa kiti kile nafasi iliyo sawa. Wote, hata yule aliyejiandikisha kwa mzaha. Mwaka 1959 huko Chicago alikuwapo bwana mmoja, Lar Daly, muuza viti vya baa, aliyekuwa na mazoea ya kugombea kila kiti huku kavaa nguo za Uncle Sam, yule mzee wa kwenye vibonzo anayewakilisha Marekani. Taarifa ya habari ilipomwonyesha meya aliyekuwa akitetea kiti chake, Daly akadai na yeye aonyeshwe, na tume ya mawasiliano ikamkubalia. Televisheni zote zikapiga kelele. Bunge likarekebisha sheria mwaka huohuo ili taarifa za habari ziachwe nje ya kifungu, na mwaka 1960 likakisimamisha kwa wagombea urais na makamu wao, kwa uchaguzi ule tu. Kennedy na Nixon walipita kwenye tundu hilo. Tundu lilipozibwa, midahalo ikafa: 1964 hakuna, 1968 hakuna, 1972 hakuna. Johnson hakuwa na haja ya kumpa mpinzani wake Goldwater jukwaa, na Nixon alishaumwa na nyoka. Midahalo ilirudi mwaka 1976, Ford na Carter, baada ya tume kukitafsiri kifungu upya mwaka uliotangulia. Miaka 16 ya ukimya, na sababu yake haionekani kwenye picha yoyote ya televisheni. Unaikuta kwenye makabrasha ya tume na kamati za Bunge, yaliyoandikwa kwa lugha ya kulaza watoto.

Sasa hilo la "tunajuaje". Watu hudhani Marekani kila kitu kimehifadhiwa. Mwaka 1968 mtu wa bima wa Nashville, Paul Simpson, alitembelea mashirika makubwa ya televisheni New York akaomba kuona taarifa za habari za siku zilizopita. Akaambiwa kanda hutunzwa kama wiki mbili hivi, kisha hufutwa na kutumika tena. Taifa zima lilikuwa likiijua vita ya Vietnam kupitia taarifa zile za jioni, na hakuna aliyekuwa akiziweka. Simpson akarudi kwao akakishawishi Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikosoma, kianze kurekodi. Mashine ziliwashwa tarehe 5 Agosti 1968, siku Warepublican walipofungua mkutano wao mkuu Miami Beach, na zikaendelea kurekodi kwa zaidi ya miaka hamsini. Shukrani aliyopata? Mwaka 1973 CBS ilikishtaki chuo mahakamani kwa kurekodi mali yake. Seneta Howard Baker wa Tennessee akasaidia kuingiza kwenye sheria ya hakimiliki ya 1976 kipengele kinachoziruhusu maktaba kurekodi taarifa za habari, na kesi ikaisha hapo.

Kwa hiyo kwetu sisi kuna kabla ya Agosti 1968 na baada yake. Mwanafunzi akiniambia anataka kuandika jinsi televisheni ilivyotangaza jambo fulani la mwaka 1963, namuuliza kwanza: utatazama nini? Mara nyingi atakuta maandishi yaliyosomwa na mtangazaji, vipande vya filamu, barua za watazamaji, ila si kipindi chenyewe kama kilivyoingia sebuleni kwa mtu. Redio ni balaa zaidi. Kipindi cha siasa cha kituo kidogo cha AM huko Iowa mwaka 1974, kilichochukua muda wa saa tatu kila siku, kimepeperuka na upepo. Wala usidhani zama hizi ni afadhali. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikubali kutunza kila ujumbe wa wazi wa Twitter. Mwisho wa 2017 ikanyoosha mikono na kubaki kuchagua michache.

Siku ya kawaida basi iko hivi. Uko kwenye maktaba ya rais fulani, tuseme ya Nixon huko Yorba Linda, California. Simu unaruhusiwa kwa kupigia picha, kalamu ya wino hapana, penseli tu. Unaletewa sanduku, unafungua jalada moja baada ya jingine kwa mpangilio uleule ulioukuta. Nixon alikuwa akiletewa kila siku muhtasari wa habari uliotayarishwa na wasaidizi wake: gazeti hili limesema nini, CBS jana usiku imesema nini, kwa dakika ngapi. Nakala alizosoma zipo, na pembeni kuna mwandiko wake, amri kwa huyu na yule, hasira imekandamizwa kwenye wino mpaka karatasi imebonyea. Unaweza kukaa siku nne ukisoma mambo ya ruzuku za kilimo, ya tano ukakutana na mstari mmoja unaogeuza sura nzima ya kitabu chako. Au usikutane nao. Ukirudi nyumbani unakuwa na picha elfu mbili kwenye simu, na kama hukuandika jina la sanduku kwenye kila moja, umekwisha. Mimi nilishakwisha mara moja. Nilisafiri tena maili elfu moja na mia tano kwa ajili ya namba ya jalada.

Karatasi hizo zenyewe unazisoma kwa sababu ya ugomvi. Zamani rais akiondoka aliondoka na makabrasha yake kama mtu anavyohama na masufuria. Baada ya kashfa ya Watergate iliyomng'oa Nixon, Bunge lilizitwaa karatasi zake kwa sheria ya mwaka 1974, na mwaka 1978 likatunga nyingine kwamba kumbukumbu za rais ni mali ya umma, kuanzia na rais aliyeingia madarakani 1981. Umma unaweza kuanza kuziomba miaka mitano baada ya yeye kuondoka, na nyingine zinaweza kuzuiliwa hadi miaka 12. Kwa hiyo ukitaka kuandika juu ya rais aliyetoka juzi, jifunze subira ya mvuvi wa ndoano.

Faida ya subira hiyo huonekana watu wanapobishana. Utasikia, hasa kwa Wamarekani wa mrengo wa kushoto, kwamba Fox News, televisheni ya habari ya mrengo wa kulia, ilizaliwa kwa sababu mwaka 1987 tume ilifuta kanuni iliyokuwapo tangu 1949, ya kuvitaka vituo vizungumzie masuala yenye ubishi na kuzipa pande zote nafasi. Ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo. Kanuni ile ilivihusu vituo vinavyotumia masafa ya hewani. Fox News ilianza Oktoba 1996 kwenye kebo, yaani kwa waya, si hewani. Iliyonufaika ni redio: mwaka mmoja baada ya kanuni kufutwa, Rush Limbaugh, mtangazaji wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika nchi nzima. Na hata hapo, muziki ulikuwa umeshahamia FM tangu miaka ya 1970, vituo vya AM vilikuwa vinakufa njaa, na setilaiti ilikuwa imefanya kusambaza kipindi kimoja kwenye vituo mia kuwa rahisi. Kanuni ilikuwa mlango. Nyumba ilikuwa imeshajengwa.

Sasa wazazi wako.

Njia ni shahada ya uzamivu, hakuna ya mkato. Vyuo vingi vya Marekani vinakupokea moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Maombi hufungwa mwezi wa Desemba au Januari, kwa ajili ya kuanza Agosti au Septemba. Watataka barua ya kueleza unachotaka kutafiti, maandishi yako ya kitaaluma ya kurasa ishirini hivi, na waalimu watatu wa kukutolea ushahidi. Hiyo barua ndiyo inayokuuza. "Napenda siasa za Marekani" haikuuzi popote. Mwanafunzi wa kigeni mwenye swali moja kali huwashinda Wamarekani kumi wenye shauku. Miaka miwili ya masomo, kisha mwaka wa kusoma vitabu kama mwendawazimu, mamia kwa mamia, ukakalie mtihani mbele ya jopo, halafu utafiti na tasnifu. Wengi humaliza kwa miaka sita, saba, wengine nane.

Fedha: chuo kinachostahili kinakufutia ada na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha na kusahihisha. Posho hiyo ni ya kuishi, si ya kujenga. Chuo kikikukubali bila kukulipia, mwanangu, kimekukataa kwa adabu. Usikope, wala usimruhusu baba yako auze shamba.

Baada ya hapo ndipo mambo yanapokaza. Tangu mtikisiko wa uchumi wa 2008 nafasi za kufundisha historia vyuoni zimepungua na hazijawahi kurudi zilivyokuwa, huku vyuo vikizidi kutoa watu wenye uzamivu. Nafasi moja nzuri inaweza kuombwa na watu mia na zaidi, wote wamesoma, wote wameandika. Ukiipata, una kama miaka sita ya kuthibitisha thamani yako, kwa kawaida kwa kitabu kilichochapwa, ndipo upewe ajira ya kudumu. Kitabu hicho huenda kikauza nakala mia kadhaa. Mimi niliomba kazi misimu mitatu. Msimu wa pili chuo kimoja kilinisafirisha kwa ndege, kikanilisha chakula cha jioni, kikanizungusha siku mbili nikihojiwa, halafu hakikuniandikia tena hata mstari mmoja. Nilikuja kujua nafasi imejazwa nilipoiona sura ya aliyeajiriwa kwenye tovuti yao.

Wengi wenye uzamivu wetu wanafanya kazi nyingine zinazotumia mkono uleule: makumbusho, nyumba za uchapishaji, utafiti wa filamu za makala, ofisi za mashirika. Kazi za serikali kuu, zikiwemo zile za maktaba za marais, kwa kawaida ni za raia wa Marekani, kwa hiyo ziondoe kwenye hesabu zako za mwanzo. Na yule uliyemsikia kwenye mahojiano, fahamu kwamba mara nyingi halipwi. Tunaitwa wakati wa uchaguzi, tunapewa dakika nne, na swali la tatu huwa "je, nani atashinda?" Mimi si mpiga ramli. Nikiulizwa ya kesho nasema sijui, na nimeona nikisema hivyo mara mbili kwenye kituo kimoja hawaniiti tena.

Kwa hiyo ukiwaambia wazazi kwamba uhasibu una mkate wa uhakika zaidi, utakuwa umesema kweli. Mimi nimemjua mtu aliyesoma vyote viwili, na kitabu chake cha fedha za kampeni kilikuwa kizuri kwa sababu alijua kusoma daftari la mahesabu.

Kuhusu uraia wako, hapo nakuona tofauti na unavyojiona. Turudi mwaka uleule wa 1960, lakini tutoke Chicago. Julai 26, miezi miwili kabla ya mdahalo, Kennedy alikutana nyumbani kwao Hyannis Port na kijana wa Kenya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, hajafika hata miaka 30: Tom Mboya. Septemba iliyotangulia ndege ilikuwa imewabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani. Sasa walikuwapo wengine zaidi ya mia mbili waliokwishapata vyuo lakini hawana nauli, na wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa imekataa kutoa. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Watu wa Nixon waliposikia, wakaihimiza wizara, na wizara ileile ghafla ikaziona dola 100,000. Wenye mpango wakachagua za Kennedy. Agosti, Seneta Hugh Scott, wa upande wa Nixon, akasimama kwenye Seneti akamtuhumu Kennedy kuwa anatumia mfuko uliosamehewa kodi kujinunulia sifa. Kennedy akajibu kwa tarehe na barua. Magazeti yakalishika, yakiwemo ya Wamarekani weusi, ambao kura zao pande zote mbili zilizihitaji. Nauli ya vijana wa Nairobi ikawa habari ya kampeni ya Marekani.

Hadithi hiyo ilikuwa na mkia. Machi 2007, huko Selma, Barack Obama alisema kwenye hotuba kwamba akina Kennedy ndio waliomwezesha baba yake kufika Marekani. Inapendeza, inaunganisha marais wawili. Lakini Obama mkubwa alifika Hawaii mwaka 1959, na fedha za Kennedy zilitoka 1960. Mwaka uliofuata hotuba ile waandishi wa Washington waliliona kosa na likasahihishwa. Tarehe mbili tu. Mkenya yeyote mwenye kumbukumbu za miaka ile angeliona kabla yao.

Karatasi za Mboya ziko Taasisi ya Hoover, Stanford. Za Kennedy ziko Boston. Lakini watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa walisoma nini juu ya jambo hilo, kwa Kiswahili, kwenye gazeti la Baraza? Familia zilichangishaje fedha zilizobaki, na zilimwonaje Kennedy kabla hajawa hata Rais? Mwenzangu Mmarekani aliyebobea anaweza kusoma sanduku la Boston vizuri kuliko wewe. Lile gazeti hawezi kulisoma. Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe ina ofisi Nairobi tangu 1966, inakusanya machapisho ya kanda yetu. Wanajua yana thamani, ila wanaoyasoma na kuyaunganisha na siasa za Washington ni wachache mno.

Halafu kuna babu yako. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilianza 1962, zama ambazo shirika mama lake, la habari la serikali ya Marekani, liliongozwa na Edward R. Murrow, mtangazaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote nchini mwake. Sasa sikiliza kioja. Kwa sheria ya mwaka 1948 na marekebisho yake, vipindi hivyo havikuwa vya kusambazwa ndani ya Marekani. Bunge halikutaka serikali iwahubirie raia wake yenyewe. Zuio hilo lililegezwa tu mwaka 2013. Maana yake ni kwamba kwa miaka hamsini babu yako alisikia, kila jioni, Marekani ikijieleza kwa sauti ambayo mlipa kodi wake wa Ohio hakukusudiwa kuisikia. Mauaji ya Kennedy, maandamano ya haki za kiraia, Watergate: yalielezwaje kwa Kiswahili? "Civil rights" wakaiita nini siku ya kwanza? Waliisemaje Birmingham ya Alabama, polisi wakiwaachilia mbwa watoto walioandamana, huku kazi yao ni kuipendezesha nchi? Majalada ya shirika lile yapo kwenye Hifadhi ya Taifa huko College Park, Maryland, kundi namba 306, sanduku juu ya sanduku. Yanaonyesha kilichotumwa. Kilichopokelewa hakimo humo. Na Machi 2025 karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika walipelekwa likizo ya lazima, kwa hiyo hata waliokuwa wakiijua idhaa kutoka ndani wametawanyika.

Umesema babu "alikuwa" hakosi. Sikuelewa kama ametangulia mbele ya haki au ameacha tu kusikiliza. Kama yupo, wiki hii kaa naye. Usimuulize anafikiri nini juu ya Marekani, atakupa maoni ya leo. Muulize redio ilikuwa ya aina gani na aliinunua wapi, betri zilikuwa zinakaa siku ngapi, saa ngapi idhaa iliingia na nani walikuja barazani kusikiliza. Wanawake walikuwa wakisikiliza au walikuwa jikoni sauti ikiwafikia dirishani? Baada ya taarifa walibishana nini? BBC waliiweka kabla au baada? Jina la mtangazaji analikumbuka? Mrekodi kwa simu, na mwanzo kabisa wa rekodi taja tarehe, mahali na jina lake, kisha umuombe ridhaa yake kwa sauti. Kama ametangulia, tafuta aliyekaa naye kwenye lile baraza. Ukishapata wazee watano, niandikie tena, uniambie ni jambo gani walilolikumbuka wote watano na ni lipi kila mmoja alilikumbuka vingine. Na hilo la pili uliandike kwa kirefu zaidi.